Ukubwa wa Kipandikizi cha Matiti: Kipimo Kitangulie Kisu

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Fundi cherehani anayejua kazi yake hakati kitambaa kwa kuangalia picha ambayo mteja ameileta katika simu. Huiangalia picha, hutikisa kichwa kwa adabu, kisha huchukua futi kamba na kupima mabega, kifua na kiuno cha mtu aliyesimama mbele yake. Anafahamu kwamba gauni lililompendeza mwingine linaweza kumbana au kumpwaya huyu. Na hata akikosea, gauni hufumuliwa likashonwa upya. Mwili wa binadamu hauna wepesi huo. Ngozi iliyotanuliwa kupita kiasi hairejei kuwa kama ilivyokuwa, na kila mara kisu kinapopita huacha kovu.

Mfano huo unafaa kutangulia mjadala wa jambo ambalo miaka michache iliyopita lilisikika kama habari za mbali, na sasa linazungumzwa majumbani, saluni na katika mitandao ya kijamii: upasuaji wa kuweka vipandikizi vya matiti. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila ilitangaza kuanza huduma za upasuaji wa kurekebisha maumbile, zikiwemo za matiti. Wapo pia wanawake wanaosafiri kwenda India, Uturuki na kwingineko kutafuta huduma hiyo. Kila mmoja wao, kabla ya kulala kwenye kitanda cha upasuaji, hukabiliwa na swali linaloonekana jepesi: kipandikizi cha ukubwa gani?

Uchambuzi huu hauna nia ya kumhukumu mwanamke anayechagua upasuaji huo wala kumshawishi anayesita. Unalenga kuonesha kwamba swali la ukubwa ndilo kiini cha usalama wake, kwamba jibu lake hutokana na vipimo vya mwili wake mwenyewe, na kwamba jibu hilo lazima lipatikane, lijadiliwe na kuandikwa akiwa macho, kabla ya nusu kaputi.

Namba isiyosema kila kitu

Kipandikizi cha matiti ni mfuko wa silikoni uliojazwa ama jeli ya silikoni ama maji ya chumvi yaliyosafishwa kitabibu. Ukubwa wake hutajwa kwa mililita, na watengenezaji hutoa vipandikizi vya kuanzia chini ya mililita 150 hadi zaidi ya 700. Kwa kuwa mililita moja ya ujazo huo ina uzito unaokaribia gramu moja, vipandikizi viwili vya mililita 300 huongeza kifuani uzito unaozidi nusu kilo. Viwili vya mililita 500 ni sawa na kubeba kifuani kilo moja ya sukari, mchana na usiku, kwa miaka yote vitakapokuwamo.

Hata hivyo, namba hiyo peke yake haielezi matokeo. Mililita 300 kwa mwanamke mwembamba mwenye kifua chembamba zitaonekana nyingi. Kwa mwanamke mwenye kifua kipana na matiti yaliyojaa, huenda tofauti isionekane sana. Aidha, vipandikizi viwili vyenye ujazo uleule vinaweza kuwa na maumbo tofauti: kimoja kipana na bapa, kingine chembamba kinachochomoza mbele. Ndiyo maana mwanamke anayemwambia daktari "nataka namba aliyowekewa rafiki yangu" anakuwa kama aliyeazima nguo bila kujua kama itamsitiri.

Kosa jingine la kawaida ni kutaja ukubwa kwa herufi za sidiria. Herufi hizo hubadilika kulingana na mzunguko wa kifua: kikombe cha C katika sidiria namba 32 hakina ujazo sawa na kikombe cha C katika sidiria namba 38. Isitoshe, watengenezaji wa sidiria hawafuati kipimo kimoja, na kila mwanamke aliyewahi kununua sidiria za kampuni mbili tofauti amelishuhudia hilo. Daktari mwaminifu hatamwahidi mteja herufi. Atamweleza ni kiasi gani mwili wake unaweza kubeba kwa usalama, na ni mwonekano gani unaoweza kutarajiwa ndani ya kiasi hicho.

Mwili ndio unaotoa jibu

Kwa miaka mingi uchaguzi wa ukubwa ulitegemea matakwa ya mteja na jicho la daktari. Mwanzoni mwa karne hii, daktari wa upasuaji rekebishi John Tebbetts wa Dallas, Marekani, alikuwa miongoni mwa waliosisitiza kwamba uchaguzi huo uanze na vipimo vya tishu. Mwaka 2005, yeye na mwenzake William Adams walichapisha utaratibu wenye maamuzi matano ya kufanywa kabla ya upasuaji: kipandikizi kikae juu au chini ya msuli, kiwe na ujazo gani, kiwe cha aina na vipimo gani, mstari wa chini ya titi uwe wapi, na ngozi ipasuliwe mahali gani. Utaratibu huo uliwekewa msingi wa vipimo vinavyochukuliwa kwa futi kamba na kifaa cha kupimia unene wa ngozi.

Kipimo cha kwanza ni upana wa titi pale linaposhikana na kifua. Kipandikizi kinachozidi upana huo hujipenyeza kuelekea kwapani au katikati ya kifua, na kingo zake zinaweza kuonekana au kuhisika kwa mkono. Kipimo cha pili ni unene wa ngozi na mafuta sehemu ya juu ya titi, ambao daktari huupata kwa kubana tishu hizo taratibu. Ukiwa chini ya sentimita mbili, kwa kawaida hushauriwa kipandikizi kiwekwe chini ya msuli wa kifua ili kipate kifuniko cha kutosha. Kipimo cha tatu ni uwezo wa ngozi kutanuka, na cha nne ni umbali kutoka kwenye chuchu hadi mkunjo wa chini ya titi. Ngozi ya msichana ambaye hajazaa na ngozi ya mama aliyenyonyesha watoto watatu hazitanuki kwa namna moja, hivyo hata wakiwa na kimo na uzito sawa, kipandikizi kinachomfaa mmoja kinaweza kisimfae mwenzake.

Upo pia ukweli ambao wanawake wengi huufahamu pale tu wanapopimwa: matiti mawili ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani. Daktari anapaswa kuionesha tofauti hiyo mapema na kueleza kama atatumia vipandikizi vya ukubwa tofauti au la. Ikibainika baada ya upasuaji, mgonjwa anaweza kudhani kwamba ameharibiwa, kumbe tofauti ilikuwapo tangu awali.

Mchele, sidiria na kompyuta

Zipo njia zinazomsaidia mwanamke kuona na kuhisi ukubwa kabla ya kuamua. Katika kliniki nyingi huwekewa vipandikizi vya majaribio ndani ya sidiria laini, kisha huvaa blauzi na kujitazama kwenye kioo. Nyumbani, wanawake katika nchi mbalimbali hutumia mchele: hupima kiasi kinacholingana na mililita zinazofikiriwa, hukitia ndani ya soksi nyepesi ya nailoni, hukifunga na kukivaa ndani ya sidiria.

Faida kubwa ya mchele ni kwamba unampa mtu nafasi ya kuishi na uzito. Dakika tano mbele ya kioo hazitoshi. Avae asubuhi hadi jioni, apande daladala, achote maji, apike, ainame kufagia, abebe mtoto, kisha ajiulize kama bado anautaka ukubwa ule. Anayefanya kazi ya kuinama shambani na anayekaa ofisini hawatapata jibu moja. Hata hivyo, njia hii ina mpaka wake. Kitu kilichowekwa juu ya titi ndani ya sidiria hakiwezi kuonekana sawasawa na kile kitakachowekwa chini ya tishu au msuli, hivyo kipimo hicho ni cha kukadiria tu.

Teknolojia ya picha za kompyuta za pande tatu nayo inaonesha makadirio ya mwonekano baada ya upasuaji. Ni msaada mzuri katika mazungumzo kati ya daktari na mteja, lakini picha hiyo si ahadi. Kompyuta haiwezi kujua kwa hakika kovu litaponaje, wala ngozi italegea kiasi gani baada ya miaka kadhaa, ujauzito mwingine au mabadiliko ya uzito.

Jambo jingine hutokea chumbani bila mgonjwa kujua. Baadhi ya madaktari hutumia kipandikizi cha muda wakati wa upasuaji ili kuthibitisha ukubwa kabla ya kuweka kile cha kudumu. Wakati huo mgonjwa amelala na hawezi kusema lolote. Kwa sababu hiyo, fomu ya ridhaa inapaswa kuonesha ukubwa uliokubaliwa na mipaka ambayo daktari anaruhusiwa kupanda au kushuka endapo hali itamlazimu.

Gharama ya kuzidisha

Baadhi ya wanawake huambiwa na wenzao kwamba waende ukubwa wa juu zaidi, wasije wakajuta kwa kuchagua kidogo. Ushauri huo husahau kwamba uzito mkubwa unaendelea kufanya kazi hata baada ya jeraha kupona. Kipandikizi kinachozidi uwezo wa mwili huvuta ngozi, hupunguza unene wa tishu zinazokifunika, na kinaweza kushuka chini ya mahali pake. Matokeo yake mara nyingi ni upasuaji wa pili, ambao huwa mgumu zaidi kwa kuwa daktari anafanya kazi kwenye tishu zilizokwisha kudhoofika. Kutaka kubadili ukubwa ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za kurudi chumba cha upasuaji.

Zipo hatari nyingine zinazoambatana na kipandikizi cha ukubwa wowote. Mwili hujenga utando wa kovu kukizunguka, na kwa baadhi ya wanawake utando huo hukaza hadi titi likawa gumu, likaumba vibaya au kuuma. Kipandikizi kinaweza kupasuka. Cha maji ya chumvi husinyaa na kujulikana upesi, wakati cha jeli kinaweza kupasuka kimyakimya. Hisia za chuchu zinaweza kupungua. Uwezo wa kunyonyesha unaweza kuathiriwa, hususan ngozi ikipasuliwa kuzunguka chuchu. Vilevile, mwanamke anapokwenda kupigwa picha ya mamografia ya uchunguzi wa saratani, ni lazima amweleze mtaalamu kwamba ana vipandikizi, kwa sababu vinaweza kuficha sehemu ya titi na huhitaji picha za ziada.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) inasisitiza kwamba vipandikizi vya matiti si vifaa vya kudumu maisha yote. Kwa vile vya jeli ya silikoni, inashauri uchunguzi wa ultrasaundi au MRI miaka mitano hadi sita baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka miwili hadi mitatu. Mwanamke wa miaka 25 anayechagua vipandikizi leo anachagua pia vipimo hivyo, na huenda akachagua upasuaji mwingine ukubwani. Bei anayotajiwa siku ya kwanza ni malipo ya mwanzo tu.

Somo kutoka historia

Upasuaji wa kwanza wa vipandikizi vya jeli ya silikoni ulifanyika mwaka 1962 mjini Houston, Texas, na madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow. Mwanamke aliyefanyiwa, mama wa watoto sita, alikuwa amefika hospitalini kwa ajili ya kuondolewa michoro ya mwilini. Wazo la kuongezwa matiti lilitoka kwa madaktari. Kisa hicho kinakumbusha kwamba tangu siku ya kwanza, swali la nani anaamua juu ya mwili wa mwanamke limekuwa ndani ya chumba cha upasuaji.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1992, FDA ilizuia matumizi ya kawaida ya vipandikizi vya jeli kwa ajili ya urembo hadi ushahidi zaidi wa usalama upatikane. Viliruhusiwa tena mwaka 2006 kwa masharti ya umri: miaka 22 kwenda juu kwa vya jeli, na 18 kwa vya maji ya chumvi, kwa wanaotafuta kuongeza ukubwa.

Ulaya nayo ilipata funzo chungu. Mwaka 2010 mamlaka za Ufaransa zilibaini kwamba kampuni ya Poly Implant Prothèse ilikuwa ikijaza vipandikizi vyake silikoni ya viwandani isiyoidhinishwa kwa matumizi ya tiba. Bidhaa hizo zilikuwa zimesambazwa katika nchi nyingi. Mwishoni mwa mwaka 2011 Serikali ya Ufaransa ilipendekeza kuondolewa kwa vipandikizi hivyo kwa wanawake wapatao 30,000 nchini humo, na mwaka 2013 mwanzilishi wa kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Katika sakata hilo, wapo wanawake waliokuwa hawajui kifuani mwao mna kipandikizi cha kampuni gani.

Mwezi Julai 2019, kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya BIOCELL vyenye uso wa kukwaruza, kufuatia uhusiano wake na aina adimu ya saratani ya mfumo wa limfu. Wakati huo FDA ilikuwa imepokea taarifa za wagonjwa 573 duniani, wakiwemo 33 waliofariki. Mwaka 2021 mamlaka hiyo iliamuru vipandikizi vyote viwe na onyo zito kwenye maelezo yake, na viuzwe tu kwa watoa huduma wanaompitisha mgonjwa katika orodha ya hatari, hatua kwa hatua, kabla ya kuamua.

Si urembo pekee

Ni makosa kulichukulia suala hili kama anasa ya wachache. Saratani ya matiti ni ya pili kwa kuwapata wanawake nchini baada ya saratani ya mlango wa kizazi, na wapo wanaolazimika kuondolewa titi lote ili kuokoa maisha yao. Kwa mama huyo, kipandikizi ni njia mojawapo ya kurejeshewa umbo, sambamba na upasuaji unaotumia tishu zake mwenyewe au titi bandia linalovaliwa ndani ya sidiria.

Kwake yeye, ukubwa sahihi ni ule unaolingana na titi lililobaki. Ngozi ya kifua inaweza kuwa imepungua kwa upasuaji au imebadilishwa na tiba ya mionzi, ambayo huongeza uwezekano wa utando wa kovu kukaza. Wakati mwingine busara ni kupunguza au kuinua titi zima ili lilingane na linalojengwa, kuliko kulazimisha kipandikizi kikubwa kwenye ngozi isiyokihimili. Anastahili mazungumzo yaleyale ya kina, yasiyo na haraka.

Wajibu wa mfumo na wa mteja

Tanzania haianzi bila msingi. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) inasimamia ubora, usalama na ufanisi wa vifaa tiba Tanzania Bara chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219, na Baraza la Madaktari Tanganyika husajili na kusimamia madaktari chini ya sheria ya mwaka 2017. Zanzibar ina mamlaka zake, ikiwemo Wakala wa Chakula na Dawa. Misingi hiyo inatoa nafasi ya kujifunza kwa waliotutangulia.

Nchini Ufaransa, sheria inataka zipite siku zisizopungua 15 kati ya mteja kupewa makadirio ya gharama na siku ya upasuaji wa urembo. Uingereza ilianzisha daftari la kitaifa la vipandikizi mwaka 2016, ili pakitokea dosari wanawake wahusika wafahamike na kuitwa. Kadiri huduma hizi zinavyokua nchini, siku za kutafakari, daftari la vipandikizi na fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka ni mambo matatu yanayofaa kuwekwa mezani mapema, kabla maafa hayajatulazimisha.

Kwa upande wake, mwanamke anayefikiria upasuaji huu ana haki ya kuuliza na kujibiwa. Je, daktari amesajiliwa, na ana ubingwa wa upasuaji rekebishi? Amepima nini mwilini mwangu, na vipimo hivyo vinaruhusu ukubwa gani wa juu kabisa? Kipandikizi ni cha kampuni gani, na kimeidhinishwa? Nitapewa kadi yenye namba yake ya utambulisho na ujazo wake? Nikipata tatizo baada ya miaka mitano, nani atanihudumia, na kwa gharama ya nani? Kwa anayesafiri nje ya nchi, swali hili la mwisho lina uzito wa pekee, kwani daktari aliyempasua atakuwa mbali, na mzigo utaihamia hospitali ya nyumbani ambayo haina kumbukumbu za kilichofanyika.

Anayeambiwa na daktari kwamba mwili wake hauwezi kubeba ukubwa anaoutaka asichukulie jibu hilo kama dharau, wala asikimbilie kwa mwingine atakayekubali upesi. Huenda huyo aliyekataa ndiye pekee aliyempima. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Katika jambo hili, muda wa kumzuia mjukuu huyo ni ule unaotangulia saini: siku za kupimwa, kuvaa mchele, kuuliza, kurudi nyumbani na kulala usingizi juu ya uamuzi. Kisu kinaweza kusubiri.